Bangili za Mwezi wa Saba

Ambasamudram
Jumapili, 4 Februari 1990

Kaka Gnanaraj,

Salamu zitafuata. Kwanza niambie kama nimerukwa na akili, maana mama yangu ananitazama kama mtu aliyerukwa.

Leo asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa ulezi, redio ya jirani imefunguliwa kwa nguvu zote kama desturi yake ya Jumapili. Mtangazaji akasema sasa tusikilize wimbo wa kumbembeleza mtoto kutoka ile filamu mpya ya mfuma mikeka, muziki umetungwa na Mwalimu Masilamani, mwimbaji ni Bibi Hemalochana. Nikasema vizuri, ngoja nisikie Bibi ameufikisha wapi wimbo nilioanza kuushika mimi. Kaka, mwiko ulinidondoka. Ile ni sauti yangu. “Lala kwenye giza langu, huko nje hakujapambazuka.” Ni mimi toka neno la kwanza hadi la mwisho.

Miaka minne nimewaimbia sauti ya mfano. Kazi yangu naijua: wewe msaidizi wa Mwalimu unaniita, naimba, mwimbaji mwenye jina anajifunzia kwenye tepu yangu, anaingiza ya kwake, yangu inafutwa. Sijawahi kulalamika kufutwa. Lakini hii haikufutwa.

Tena bangili zangu zimo! Unaikumbuka siku ile? Juzi yake wanawake wa kwa mume wangu walikuwa wamenivisha bangili za kioo za mimba ya mwezi wa saba, ishirini na moja kila mkono, na kesho yake napanda treni kuja kwa mama kujifungua. Ukanifokea kutoka nyuma ya kioo, “Sornam, vua hizo, hapa si sokoni!” Nikakwambia hazivuliwi mpaka mtoto atoke, hata aje nani. Ukasema basi nenda kaimbe kwa muuza bangili. Mwalimu akainua kichwa kwenye nota zake akasema, “Bangili gani? Mimi sisikii bangili yoyote. Mwacheni mtoto wa watu aimbe.” Tukacheka wote, hata wapiga fidla wako. Kwa wema ule namwombea mpaka leo.

Sasa niambie kumetokea nini. Maneno ya mume wangu Ulaganathan unayajua. Ameandika nirudi Madras mwaka mpya wa kwetu, mwezi wa nne, lakini studio basi. “Miaka minne unaimba vitu vya kufutwa,” amesema. “Ungekuwa na wimbo mmoja tu wenye jina lako, ningenyamaza.” Wimbo mmoja, Kaka. Nadhani huu hapa.

Samahani kwa mwandiko. Mkono mmoja unaandika, mwingine unavuta kamba ya bembea.

Dada yako,
Sornavalli


Kodambakkam, Madras
10 Februari 1990

Mama Mtoto,

Hongera kwa uji, pole kwa mwiko. Mwanamke ambaye hajalala miezi minne anasikia sauti yake hata kwenye honi ya lori. Mke wangu alipomzaa wa pili aliniapia kwamba kunguru wanamwita kwa jina.

Kweli sauti inafanana na yako, na isifanane kwa nini? Bibi Hemalochana alijifunzia kwako. Alizisikia bangili kwenye tepu yako, akazipenda, akavaa za kwake wakati wa kuimba. Ni hivyo tu. Usimhangaishe mama yako.

Sasa sikia habari yenye maana. Mwalimu amepewa tuzo ya Yazh ya Dhahabu, kile kinubi cha kale, kwa wimbo huohuo! Ya nane hiyo, hakuna mtunzi wa filamu aliyewahi kufika huko. Ukichanganya na shahada ya heshima na lile jina refu alilopewa na jimbo, kabati limejaa. Mkewe anasema mwaka huu ukwaju wote utaishia kusugulia tuzo, mchuzi hautapata kitu. Sherehe ni tarehe kumi na nne Aprili, siku ya mwaka mpya. Wapigaji wote arobaini tutavaa mashati meupe. Nimekukatia kipande cha gazeti ufurahi nasi.

Gauni la mtoto limo ndani ya bahasha. Kama ni dogo, mkunje.

Kaka yako,
Gnanaraj

[Kipande cha gazeti]
“…Waamuzi wamevutiwa zaidi na ujasiri wa mtunzi kuweka bangili za kioo mahali ambapo wengine wangeweka matari. Katika ubeti wa pili, baada ya neno ‘nje’, mwimbaji anakatika pumzi ghafla, bangili zinaporomoka mkononi, kisha sauti inarudi ikiwa na kicheko kilichofichwa. Sikio lililobuni pumzi hiyo halina mfano katika nchi hii…”


Ambasamudram
16 Februari 1990

Kaka Gnanaraj,

Gauni limemtosha. Asante. Uongo wako haujanitosha.

Bibi Hemalochana alifiwa na mumewe mwaka juzi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetupakia kwenye gari la ala kwenda msibani. Nilikuwepo mawifi zake walipozivunja bangili zake, asivae tena. Haya, ni nani aliyemvisha mjane bangili za kioo ili aimbe? Umedanganya kwa haraka mpaka ukasahau mambo ambayo hata mtoto wa mtaani kwetu anayajua.

Na hicho kipande cha gazeti, Kaka, nimekisoma nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Hiyo pumzi haikubuniwa na mtu. Nilipofika kwenye “nje”, binti yangu alinipiga teke la mbavu. Nikashika tumbo, bangili zikashuka zote kwenye kiwiko, nikataka kucheka nikajizuia. Tulipomaliza nikawaambia, “Huyu naye anataka zamu yake,” na wewe ukajibu, “Mwambie apange foleni.” Umesahau? Ubunifu wanaousifu ni teke la Gomathi.

Sitaki tuzo. Sitaki kiti cha mbele. Nataka jina langu litajwe kwenye wimbo wangu kabla ya hiyo tarehe kumi na nne, na litajwe na mwenye wimbo, siyo mimi nikimbilie magazetini kama mke aliyefukuzwa. Nangoja wiki mbili. Ukinyamaza nitamwandikia Mwalimu mwenyewe. Yeye alinitetea mara moja, hatanikana.

Sornavalli


Ambasamudram
2 Machi 1990

Kwa Mwalimu Masilamani,

Nakusalimu kwa kuinama, na mkeo pia.

Ni mimi Sornavalli, niliyekuwa naimba sauti ya mfano, yule mwenye mimba. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, Gomathi. Ana nguvu za miguu kama ulivyokwishaona.

Mwalimu, pongezi kwa Yazh ya nane. Nakuandikia kwa sababu Kaka Gnanaraj hanijibu. Wimbo unaopigwa redioni ni sauti yangu, na wametangaza Bibi Hemalochana. Najua si wewe uliyeandika jina kwenye jalada, lakini ukisema neno moja watakusikia.

Nataka pia kukushukuru. Siku ile Kaka aliponilazimisha nivue bangili, wewe ulisema hukusikia bangili yoyote. Wote tulijua unazisikia ila unamhurumia mwenye mimba. Kumbe mbali na huruma, ulikuwa umeshaona zitafaa ndani ya wimbo. Sasa nchi nzima inayasifu masikio yako. Nikisoma gazeti nasema moyoni, Mwalimu alisikia kitu ambacho hata mimi niliyezivaa sikukisikia.

Naomba jina langu tu. Mume wangu ameshaandaa nirudi, na bila huo wimbo, studio nimeaga.

Mimi binti yako,
Sornavalli


Kodambakkam
3 Machi 1990

Sornam,

Sikukujibu kwa sababu kila nikianza naandika uongo mwingine. Soma hii, ukimaliza itie chini ya sufuria iungue.

Ni wewe. Toka neno la kwanza hadi la mwisho.

Siku ya kuchanganya sauti, Bibi Hemalochana alikuwa ameshaingiza yake. Alikuja katikati ya kazi mbili, ana mafua, akaimba safi kama sahani iliyooshwa. Yako ilikuwa bado haijafutwa. Nikampigia Mwalimu zote mbili, yako kisha ya Bibi, nikitaka acheke tofauti. Hakucheka. Aliniuliza, “Ya Hemalochana ni ipi?”

Nilidhani ananitania. Dada yangu, yako ina bangili arobaini na mbili ndani yake! Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

Nikanyoosha kidole kwenye yako. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa wimbo. Akasema, “Basi weka hiyo,” akatoka kwenda kunywa kahawa. Nami nikabaki na fundi wa sauti, tukitazamana.

Masikio yake yanakufa, mwaka wa tano sasa. Sauti nene anazipata zote. Nyembamba zinampita. Fidla zikipanda juu na mmoja akakosea, mimi nakohoa, naye anasimamisha wimbo. Studio nzima inajua nina kifua kibovu. Sina kifua kibovu. Yeye anadhani ni mashine mpya zinakausha sauti, anazilaumu kila siku. Hajui ni kiasi gani, na mimi sikupata ulimi wa kumwambia. Yazh tatu za mwisho kabatini zimepita kwenye kikohozi changu.

Ikijulikana, mtayarishaji gani atamwita? Na sisi arobaini tutakwenda kupiga fidla harusi gani? Nilikudanganya kwa ajili hiyo. Lile la mjane nilipolisoma kwenye barua yako nilijiona mjinga hadi kwenye nyayo.

Nakusihi kwa jina la mtoto wako, usimwandikie. Ukimtajia bangili, utakuwa umemwambia.

Gnanaraj


Ambasamudram
8 Machi 1990

Kaka,

Barua imeshaondoka. Iliondoka siku moja kabla hujaandika yako.

Nilikimbia posta na mtoto begani. Karani akanicheka: “Mama, hata treni yenyewe imeshaisahau barua yako.”

Nimemsifia masikio, Kaka. Nimemshukuru kwamba alisema hakusikia. Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikarudia mara mbili ili nisikosee. Mungu wangu, nimefanya nini?

Na wewe, miaka mitano unakohoa! Hukuona kuna siku atakuja mtu asiyejua, aropoke?

Niambie akiipata.

Sornavalli


Madras
21 Machi 1990

Binti Sornavalli,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna mahali nilishindwa kupita, pale unaponishukuru.

Binti, sikukutetea siku ile. Sikuzisikia.

Tangu gazeti litoke watu wananishika mkono: zile bangili, zile bangili. Nikadhani ni namna ya kusifu, mwandishi mmoja ametunga na wenzake wamefuata, kama kawaida yao. Nilikuwa naitikia kwa tabasamu.

Baada ya barua yako nilimwita mke wangu. Anavaa bangili za kioo sita, nimeishi nazo miaka thelathini na minane. Nikamwomba asimame nyuma yangu azitikise. Nikangoja. Nikamwambia, “Haya, anza.” Akasema, “Nimeshamaliza.”

Maziwa yakafurika jikoni, akaenda kuyaepua.

Tangu siku ile nakaa mbele ya kabati. Yazh saba zimesimama humo, na watu wanatafuta pa kuweka ya nane. Najaribu kujua ni ipi ya mwisho iliyokuwa yangu. Nilimuuliza Gnanaraj. Akakohoa, nikaelewa hata kikohozi chenyewe. Nilitaka kumpiga. Nikamshika bega, nikakuta analia.

Sasa unaniomba jambo la haki. Nikikutaja, watauliza ni mtunzi gani asiyemjua mwimbaji wake. Nikisema tepu zilichanganyika, fundi wa sauti atafukuzwa kwa kosa ambalo si lake. Nimefikiri hadi nimefika mwisho wa akili yangu. Kuna siku naona heri nikae nyumbani tarehe kumi na nne, waambiwe mzee anaumwa, wamletee kitu chao kwa gari. Nikifanya hivyo nisamehe. Nina miaka sitini na mitatu na sijui kazi nyingine.

Masilamani


Ambasamudram
27 Machi 1990

Mwalimu wangu,

Barua yako niliisoma nikinyonyesha, mtoto akanywa machozi pamoja na maziwa. Sikujua. Ningejua nisingeandika vile. Hilo naomba uliamini kwanza.

Siku tatu nimetafuta namna ya kukuandikia “basi, acha, yaishe.” Nimekuwa naanza, nachana. Mama ameniambia, “Mwache mzee wa watu apumzike na heshima yake, wewe una mtoto.” Na hiyo ndiyo sababu siwezi kuacha, kwa kuwa nina mtoto. Mwalimu, nimefutwa na watu miaka minne na sikuumia, ilikuwa kazi. Nikinyamaza sasa nitakuwa nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na siku Gomathi atakapouliza ni nani anaimba pale alipopiga teke, nitamjibu ni Bibi fulani.

Lakini nisikilize na hili. Tuni ile ulinifundisha kwa mdomo wako. Hukuwa na karatasi. Ulipiga meza kwa vidole, ukaimba na-na-na mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa ileile, haikusogea hata chembe. Wakati ule Kaka Gnanaraj alikuwa nje akigombana na mtu wa ngoma. Hiyo haikupita kwenye kikohozi cha mtu. Tuni ni yako na tuzo ya tuni ni yako, ichukue kwa mikono miwili. Sauti ni yangu. Kila mtu ashike cha kwake.

Kuhusu masikio, ni masikio yako. Useme, usiseme, mimi sitayataja, hata mume wangu sijamwambia.

Ila usikae nyumbani. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi basi nakukataza, kama ninavyomkataza huyu mtoto kutia udongo mdomoni. Ukikaa nyumbani utakuwa umetufuta wote wawili.

Binti yako,
Sornavalli


Kodambakkam
15 Aprili 1990

Sornam,

Najua kwenu matangazo ya sherehe redioni yalikatika katikati, hata hapa yalikatika. Nakuandikia kilichotokea kabla sijasahau kipi kilitangulia. Naandika kwa haraka, mwandiko wangu leo ni kama wako.

Asubuhi nilikwenda kumchukua bila kujua kama atatoka. Nikamkuta kizingitini amevaa nguo nyeupe, barua yako mfukoni. Akaniambia, “Leo usikohoe.” Basi.

Ukumbi ulijaa. Walisoma sifa zote, tuzo zote nane, jina refu la jimbo. Kisha wakapiga wimbo wako. Mwalimu hakuangalia spika, aliangalia watu. Ulipofika kwenye “nje” akainua kidole. “Hapo,” akasema. “Hapo ndipo bangili zinapolia, sivyo?” Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akangoja wamalize. Akasema, “Mimi sijui. Nimeziona kwenye nyuso zenu. Sijawahi kuzisikia.”

Wengine waliendelea kucheka kidogo, wakidhani utani haujaisha. Kisha kicheko kikakatika kama kamba.

Akasema, “Mwimbaji ni Sornavalli wa Ambasamudram. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na pumzi mliyoipa tuzo ni teke la binti yake Gomathi. Nililetewa sauti mbili nikashindwa kujua ipi ni ya nani. Kosa ni la masikio yangu. Si la fundi, wala si la msaidizi wangu.”

Nilisikia feni. Nilisikia mtu wa nyuma akilamba midomo.

Kisha akasimama Bibi Hemalochana. Nikajisemea leo tumekwisha. Akatembea taratibu hadi mbele, mikono mitupu, sari nyeupe.

“Mimi nilijua tangu siku ya kwanza redioni,” akasema. “Tangu siku ile watu wananisimamisha hekaluni kunipongeza kwa bangili zangu. Mimi, mjane. Kila pongezi ilikuwa inanivua upya. Nikasema sitasema neno, nione ni nani kati yenu wanaume ataona haya kwanza.” Akamgeukia Mwalimu. “Umechelewa, Kaka. Lakini wewe ndiye wa kwanza.” Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. “Na wewe mwenye kikohozi, wewe na mimi tutaonana.”

Mzee wa waamuzi alikuwa bado ameishika Yazh, hajui ampe nani, anageuka huku na huku kama aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. Mwalimu akanyoosha mikono miwili: “Lete. Tuni ni yangu.” Hapo ndipo watu wakasimama. Si wote. Karibu nusu walikuwa wameshatoka nje kunong'ona.

Leo asubuhi watayarishaji wawili wameahirisha kazi. Wa tatu amepiga simu kuuliza kama unapatikana. Majalada ya wimbo yatachapwa upya na jina lako, Bibi Hemalochana mwenyewe amekwenda kusimamia. Sisi arobaini sijui mwezi wa sita utatukuta wapi. Lakini kifua kimenipona.

Mwalimu ana ombi ambalo ameona haya kuliandika. Anasema watu wote nchini wanazijua bangili zako isipokuwa yeye. Anauliza, zinalia vipi?

Nilijaribu kumweleza nikashindwa. Nimezoea kukohoa tu.

Kaka yako,
Gnanaraj


Ambasamudram
23 Aprili 1990

Mwalimu wangu,

Kwetu redio ilikatika uliposema “Mwimbaji ni.” Nilikaa siku nzima nikiwa na nusu ya sentensi. Mama akawasha taa ya sala, akaizima, akaiwasha tena. Kesho yake mkuu wa posta alikuja mwenyewe na gazeti, amelikunja kwapani, akaniambia, “Mama, hii haikustahili kungoja tarishi.” Nimeliona jina langu. Mama hajui kusoma, nikamwekea kidole juu yake, akalishika kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

Mume wangu ameleta postikadi. Ina neno moja tu: “Nimenyamaza.”

Sasa ombi lako. Kaka Gnanaraj ameshindwa na mimi karibu nishindwe. Nimejaribu kuandika zinalia kama nini, nikakuta kila ninachofananisha nacho, nacho ni chembamba, nacho kitakupita. Ndipo nikaenda mtoni kufua. Pale kwetu maji yanapita juu ya changarawe ndogondogo, na ukisimama ndani, watu walio juu ya daraja wakipiga kelele, maji huyasikii hata kidogo. Visigino vinayasikia. Kitu kinakimbia chini yako, chepesi, kingi, hakikuumizi, hakisimami. Ndivyo zinavyolia, Mwalimu. Mkono unajua kabla ya sikio. Siku ile hata mimi nilizijua kwa mkono.

Bangili zenyewe nilimpa mkunga wetu Esakki siku niliyojifungua, kama desturi. Nilikwenda kumwomba anirudishie. Akanifokea: “Tangu lini mzazi akadai bangili? Nyingine zimeshavunjika nikiosha watoto wa wenzako!” Nilipomwambia ni za nini, akaketi, akavua tatu zilizobaki bila neno, akazipaka mafuta. Nimezifunga ndani ya gauni alilonipa Kaka Gnanaraj, limeshakuwa dogo. Mkononi mwako hazitaingia. Zishike kwenye vidole vile unavyopigia meza, upige tuni yetu taratibu. Ukifika kwenye “nje”, ziache zidondoke juu ya mbao, kiganja kikiwa hapohapo.

Nakuja Madras mwezi ujao na mtoto wangu, jino lake la kwanza limeshatoka. Utakaponiita nitaimba, lakini jina langu liandikwe kwanza, ndipo maikrofoni ifunguliwe. Bibi Hemalochana ameniandikia nipite kwake kabla ya kwenda popote, anasema anataka kuiona mikono yangu. Nitakwenda. Naogopa kidogo, ila nitakwenda.

Nitakuja nimevaa bangili. Sina mimba safari hii, nazivaa kwa kupenda. Kaka Gnanaraj akinifokea nivue, nitamjibu vilevile. Na wewe usiseme huzisikii. Weka kiganja mezani.

Binti yako,
Sornavalli